Mkanda Uliokataa Kushika

Mwihaki aliulowesha mkanda wa kupima moyo kwa mara nyingine, akaukung'uta maji, kisha akaupitisha chini ya fulana ya mumewe na kuufunga. Wahome aliinua mikono juu kama mtu anayepekuliwa na polisi, macho kwenye dari. Alikuwa amekonda tangu alipotoka hospitali, na mkanda ambao zamani ungembana sasa ulimtelemka hadi tumboni.

"Imeshika?" aliuliza.

"Bado. Inatafuta tu."

Kwenye skrini ndogo ya mashine ya kupiga makasia kulikuwa na alama ya moyo ikiwaka na kuzima, na kando yake, pale ambapo namba ya mapigo ilipaswa kuwa, vistari viwili vitupu. Mwihaki alivitazama vile vistari kwa hasira. Mashine ilikuwa na kila kitu: kiti cha kuteleza kwenye reli, mnyororo, mpini wa kuvuta, mahali pa kufungia miguu. Kilichokosekana ni namba ile moja tu, na bila hiyo namba Wahome hakuruhusiwa kuvuta hata mara moja.

Hapo ni kwa Musimbi, nyuma ya duka la magodoro la Abdinasir, mtaa wa West Indies. Musimbi alikuwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, aliyeacha kuajiriwa akafungua chumba chake mwenyewe, na madaktari walimtumia watu waliotoka kuugua moyo ili awafundishe mwili wao kazi upya. Wahome alikuwa ameanguka kwenye duka lake la mifereji na mabomba akimhudumia mteja, bila kusikia maumivu hata kidogo. Daktari alieleza kwamba kisukari kilikuwa kimeua hisia. Wengine moyo ukilemewa huwaambia: kifua hubana, mkono hufa ganzi. Wake haungemwambia kitu.

"Kwa hivyo mama, nyinyi mtauliza mkanda," daktari alimwambia Mwihaki, akimtazama yeye na si mgonjwa. "Ikipita mia moja na kumi, anaacha. Hata akikuambia yuko sawa, anaacha."

Mwihaki aliyabeba maneno yale kama alivyobeba mfuko wa dawa, asiyasahau popote. Kila Jumanne aliketi kwenye stuli kando ya mashine na kukodolea skrini macho mpaka yakawasha.

Kwa kawaida Musimbi mwenyewe ndiye aliyeunganisha mikanda. Siku hiyo alikuwa amemfunga mgonjwa wa kwanza tu, mara mama mmoja mzee akapatwa na kizunguzungu kwenye chumba cha ndani, akawa anatapika. Musimbi alikimbilia huko na ndoo mkononi.

"Mama Kabura, nisaidie na mkanda wa Mzee," alisema akigeuza shingo. "Si unajua vile nafanyaga? Asianze kabla haijashika, sawa?"

Mwihaki aliitikia. Alikuwa ameona Musimbi akifanya mara nyingi: unalowesha, unafunga, unabonyeza alama ya moyo, unangoja. Mashine inatafuta mikanda iliyo karibu, inaleta namba zake, nawe unachagua ya kwako. Namba ya mkanda ilikuwa imeandikwa nyuma ya kile kidude cha katikati, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Lakini kidude sasa kilikuwa kimelala kwenye kifua cha Wahome, na Mwihaki hakuwa ameisoma.

Alibonyeza tena. Akangoja. Safari hii ikajitokeza namba moja, peke yake, katikati ya skrini. Moyo wake uliruka kwa furaha. Hakukuwa na nyingine ya kuchagua. Akaibonyeza, na vile vistari viwili vikageuka kuwa sabini na sita.

"Imeshika!"

"Asante Ngai, asante Mungu," alisema Wahome, akashika mpini.

Kwenye mashine ya pili, hatua mbili tu kutoka pale, alikuwa ameketi mgonjwa yule wa kwanza, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya suruali ya mazoezi. Jina lake Kimeli. Goti lilikuwa limemsumbua asubuhi hiyo, akavuta kidogo akaacha, mashine yake ikazima skrini yenyewe. Sasa alikuwa anapumzika na chupa ya maji mapajani, akimngoja Musimbi arudi amwambie la kufanya.

Kimeli hakuwa mgeni kwao. Walikuwa wamepakana ua huko Kiplombe, mashamba yao yakitenganishwa na mstari wa miti ya saipresi, tangu watoto wao wakiwa wanatambaa. Walichota maji kisima kimoja. Priscah, mke wa Kimeli, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa wakati mvua imekata barabara, ni Mwihaki aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Watu walipowaona wale waume wawili wakiwa wamesimama uani, kila mmoja upande wake, wakipiga stori za ng'ombe mpaka chakula kinapoa mezani, walisema wale ni kama ndugu.

Kisha ukaja ule mwezi wa Januari, baada ya kura. Moshi ulianza upande wa juu, mchana kweupe, ukashuka nyumba kwa nyumba, vijana wakichoma za watu wa kabila la Wahome. Mwihaki na Wahome walitoka mbio na nguo walizovaa, mtoto wao Kabura mkononi, wakikata katikati ya mabua makavu ya mahindi. Thuo, mdogo wake Wahome, aliyekuwa akiishi nao na hajaoa, alisimama ghafla.

"Tangulieni," alisema. "Nafungulia ng'ombe tu, nakuja."

Ng'ombe walikuwa wamefungwa zizini, karibu na ua wa Kimeli, na moto ulikuwa unakuja. Mwihaki aligeuka mara moja, akamwona akikimbia kuelekea kwenye ile miti ya saipresi, upande wa Kimeli. Shati lake lilikuwa la kijani. Hawakumwona tena.

Walilala kituo cha polisi, kisha wakakaa kwenye mahema miezi mingi, na Mwihaki akamtafuta shemeji yake kila mahali mtu anapoweza kutafuta mtu: kambi, wodi, mochari, kwa wachungaji, kwa madereva wa malori. Hakupata mwili wala habari. Baadaye waliliuza shamba bila hata kurudi kuliona, wakapanga nyumba mjini, Wahome akafungua duka, maisha yakawa maisha. Mama yake Wahome alikufa akiuliza Thuo yuko wapi. Hakuna kaburi, na hakuna matanga yaliyofanywa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba amekufa.

Walipokutana kwa Musimbi miaka kumi na moja baada ya hayo, kila mmoja na faili ya hospitali kwapani, Wahome na Kimeli walishikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Kimeli akauliza kama mvua imefika upande wa mjini. Tangu hapo kila Jumanne yalikuwa hayo: mvua, bei ya mahindi, mbolea, magoti. Mwihaki aliwasikiliza na kungoja. Hata yeye hakuuliza. Alijua akilifungua neno lile halitafungika tena.

Sasa Wahome alikuwa anavuta. Kiti kiliteleza mbele, kikarudi nyuma, mnyororo ukilia taratibu. Mwihaki alisoma kwa sauti kama alivyozoea.

"Sabini na nane. Sabini na saba. Themanini."

"Themanini tu?" Wahome alitabasamu. "Leo nimeamka vizuri."

Akaongeza nguvu. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, likashuka shingoni, likalowesha fulana. Mwihaki alitazama skrini: sabini na tisa. Akamtazama mumewe. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau.

"Baba Kabura, pumzika kidogo."

"Kwa nini? Soma hapo."

"Naona vile unatoka jasho."

"Mama Kabura, soma hapo!"

"Sabini na tisa."

"Basi. Si daktari alisema tuulize mkanda? Umeuliza, umejibiwa."

Mwihaki alikuwa ameambiwa asiamini maneno ya mumewe, aamini namba. Hakuna aliyemwambia afanye nini iwapo namba inasema sawa na macho yake yanasema hapana. Alitazama mlango wa ndani, ambako Musimbi alisikika akimtuliza yule mama na maji yakimwagika. Akataka kumwita, akaona haya. Atasema nini? Kwamba moyo wa mumewe uko sawa na yeye hataki?

Wahome alizidi kuvuta. Ile namba ndogo ilikuwa imempa ujasiri. Pengine ndiyo maana alisema alichosema, bila kugeuza uso, kati ya kuvuta na kuvuta, kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

"Kimeli. Ile siku. Thuo alipita kwako?"

Mnyororo peke yake ndio uliolia.

Kimeli alikuwa ameshika kifuniko cha ile chupa, hakifungi wala hakifungui. Mwihaki aliogopa kumtazama, akarudisha macho kwenye skrini, mahali pake alipopazoea. Namba ilikuwa tisini na nane. Akapepesa macho. Mia moja na kumi na tano. Mia moja na ishirini na nne.

"Acha!" alipiga kelele. "Baba Kabura, acha! Imepita!"

Wahome aliachia mpini, ukarudi kwa kishindo. Aliketi ameinama, akihema mdomo wazi. Namba haikushuka. Mia na ishirini na sita. Mia na ishirini na nane.

"Sijui," alisema Kimeli hatimaye. Sauti ilimtoka kama imekwaruzwa. "Mimi sijui, jirani."

Akainuka, akaweka chupa chini kwa uangalifu mkubwa, akatoka nje akichechemea. Walimsikia akipita kando ya duka la Abdinasir kuelekea barabarani. Na alipokuwa anapotelea huko, mbele ya macho ya Mwihaki, namba ilikatika na vile vistari viwili vikarudi.

Hapo ndipo alipoelewa. Ile namba ilikuwa imetoka mlangoni na mwenyewe. Tangu mwanzo alikuwa anasoma moyo wa Kimeli.

Alimrukia mumewe, akainua fulana, akapindua kile kidude na kukisogeza karibu na macho mpaka akaipata ile namba. Mkanda ulikuwa umeteleza na kukauka upande mmoja. Akaumwagia maji ya chupa ya Kimeli iliyoachwa sakafuni, akaukandamiza kifuani kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akabonyeza alama ya moyo. Inatafuta. Inatafuta. Akabonyeza pasipofaa, skrini ikarudi mwanzo, akaanza tena.

"Nimechoka," alisema Wahome polepole. "Lakini hakuna kitu inauma."

"Musimbi!" Mwihaki aliita. "Musimbi, kuja!"

Namba ikajitokeza. Akailinganisha na ile ya kifuani, akaibonyeza. Mashine ikafikiri. Kisha ikamwonyesha: mia moja na hamsini na tatu. Ndiyo hiyo ilikuwa ya mumewe, muda wote huo. Alikuwa bado anaitazama wakati Wahome alipoinama upande wake, mzito, na kuuegemeza uso begani kwake kama mtoto anayesinzia kanisani.

Musimbi alikuja mbio na mikono yenye povu la sabuni. Mara moja akamlaza chini, akamwekea tembe chini ya ulimi, akamtuma Mwihaki kwa Abdinasir. Abdinasir alikuwa anampimia mteja godoro; aliliacha limesimama, akakimbilia gari lake. Na aliyekuja kushika miguu ya Wahome ili wamwinue alikuwa Kimeli. Alikuwa amesikia kelele akiwa barabarani, akarudi. Garini alimpakata Wahome kichwa, akimwambia kitu kwa sauti ya chini ambayo Mwihaki, aliyekuwa kiti cha mbele, hakuweza kuisikia kwa honi za Abdinasir.

Hospitali walimpokea haraka, milango ikafungwa. Kazi ya Mwihaki ikaisha hapo. Aliketi kwenye benchi la korido na mikono yake mitupu. Abdinasir alimnunulia maji, akampa pole, akasema atarudi baada ya swala. Kimeli alibaki. Alikaa mwisho wa benchi, koti lake limelowa jasho la Wahome, mikono katikati ya magoti.

Watu walipita na vitanda vya magurudumu. Baada ya muda Mwihaki alisema, bila kumtazama:

"Nilikosea kuunganisha. Nilishika mkanda wako nikidhani ni wake."

"Pole, mama."

"Niliona moyo wako, Mzee Kimeli. Alipokuuliza juu ya Thuo."

Kimeli aligeuka. Mwanzoni alionekana hakuelewa. Kisha mkono wake ukapanda kifuani, ukakigusa kile kidude kilichokuwa bado kimefungwa chini ya shati. Mwihaki alingoja. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo, na kwa dakika ile alisahau hata milango iliyofungwa. Lakini alijua pia kwamba hakuwa na chochote mkononi. Moyo mgonjwa huruka kwa jambo lolote. Huruka kwa hatia, huruka kwa huzuni, huruka kwa kusikia jina la kijana uliyemjua akichunga ng'ombe. Mashine ilimpa namba, haikumpa sababu.

"Vijana walikuwa wengi kwangu," Kimeli alisema. "Walikuwa ndani ya boma." Akatazama mikono yake. "Sijui, Mama Kabura. Sina kitu ya kukuambia."

Alifungua vifungo viwili vya shati, akautoa ule mkanda, akaukunja vizuri na kuuweka kwenye benchi katikati yao.

"Mrudishie Musimbi," alisema, akaenda zake.

Wahome hakufa. Daktari alisema moyo umepigwa tena na sehemu yake nyingine imekufa, na kilichobaki kitatunzwa kwa dawa na kupumzika. Mazoezi ya mashine, basi. Mwihaki alipomweleza alichokosea, daktari alisema pengine mshtuko ungetokea tu, hata bila mashine. Musimbi naye alikuja nyumbani na machungwa, akalia, akasema kosa ni lake kwa kuwaacha. Wahome alisema ni lake mwenyewe kwa ukaidi. Kila mtu alimwondolea Mwihaki mzigo, na kila walipotoka mlangoni yeye aliukuta bado anao. Kila alipofumba macho aliona sabini na tisa.

Kimeli hakurudi kwa Musimbi. Simu yake iliita bila kupokewa. Mwezi mmoja baadaye, Wahome akiwa amelala baada ya dawa za asubuhi, Mwihaki alijifunga leso kichwani na kwenda Kiplombe, mahali ambapo miguu yake ilikuwa haijakanyaga tangu siku ya moshi.

Hakupotea njia. Miti ya saipresi upande wao ilikuwa imekatwa, na pale nyumba yao iliposimama kulikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha, nguo za watoto zikianikwa. Mwanamke asiyemjua alimpungia mkono. Mwihaki akampungia pia, kisha akabisha lango la pili.

Priscah alifungua. Alikuwa amezeeka. Walitazamana, wakakumbatiana, na hakuna kati yao aliyejua aliyeanza kulia.

"Amelala," Priscah alisema. "Moyo unamsumbua tangu siku ile. Hali chakula, hasemi."

"Nataka kumwuliza neno moja tu."

"Najua neno lako." Priscah alimshika mkono kwa nguvu. "Mimi nilikuwa kwa mamangu ile wiki, na watoto. Nilirudi nikapata ng'ombe wenu wawili kwa zizi letu, na kamba zao shingoni. Nilimwuliza nani amewaleta. Mpaka leo namwuliza. Anatoka nje."

Mwihaki aligeuka kutazama zizi. Ng'ombe wawili. Basi Thuo alifika zizini. Alizifungua kamba kama alivyosema. Aliwavusha. Na baada ya hapo?

"Na wako wapi?"

"Walikufa na uzee, mama. Tuliwatunza."

Kupitia dirisha lililokuwa wazi Mwihaki alimwona Kimeli. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kwenye kochi, wima, blanketi mapajani, akitazama ukuta. Ilikuwa wazi kwamba anasikia kila neno. Mwihaki alilitaja jina lake mara moja, kwa heshima, kama jirani anavyomwita jirani. Bega lake lilitikisika kidogo. Hakugeuka.

Alingoja mpaka chai aliyoletewa na Priscah ikapoa mkononi. Kisha akarudisha kikombe, akaaga.

Alipofika nyumbani Wahome alikuwa ameamka, ameegemea mito, redio ikiongea peke yake.

"Ulikuwa wapi, Mama Kabura?"

Mwihaki alifungua leso, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Angemwambia kuhusu wale ng'ombe. Lakini alimtazama kifuani, pale fulana ilipopanda na kushuka kwa shida, na hakujua ule moyo uliobaki ungeweza kubeba kiasi gani. Hapakuwa na mkanda wa kumwambia; alikuwa na kiganja chake tu, akakiweka pale, akasikiliza kwa ngozi. Mapigo yalikuwa hafifu mno asiweze kuyahesabu.

"Nilitoka kidogo kunyoosha miguu," alisema.

Wahome alifumba macho, akaufunika mkono wa mkewe kwa wake. "Wakati mwingine uniambie," alisema. "Nikiamka na haupo naogopa."